Kiti cha Kushoto



Wenzetu wa chama walituomba tuandike, katika ukurasa huu wa tafakari, jinsi familia inavyoweza kwenda kazini na kurudi nyumbani wakati huu ambapo petroli imepanda bei. Tulikubali upesi, tukidhani kwamba tungetoa mashauri machache juu ya matairi na bidoni, kisha tungemaliza. Tulipoketi kuandika, tuliona kwamba mashauri hayo hayawezi kutangulia kosa letu. Kwa hiyo tunaanza na kosa.

Sisi ni mume na mke, wakaaji wa mtaa wa Ngezi, hapa Bunia. Mmoja wetu ni mwalimu wa sekondari, mwingine ni muuguzi. Mahali petu pa kazi pako upande wa pili wa mji, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kwa miaka mingi tulikwenda kwa pikipiki za kukodi, kila mmoja na yake, tukifika na matope wakati wa mvua na vumbi jekundu wakati wa kiangazi. Mwaka 2021, baada ya akiba ya miaka sita na deni ambalo tulilipa polepole, tulinunua gari dogo la zamani. Usukani wake uko kulia, kama magari mengi yanayotufikia kupitia Uganda.

Dominika iliyofuata, baada ya Misa, Padri alilibariki gari hilo mbele ya kanisa. Watu wa shirika letu walilizunguka wakiimba, na maji ya baraka yakaangukia kioo na nyuso zetu pia. Katika furaha ile mmoja wetu alisema mbele ya wote: "Ndugu, gari hili si letu peke yetu. Ni la shirika." Watu walipiga makofi. Hakuna aliyetudai maneno hayo, tuliyatoa wenyewe.

Mwanzoni tuliyatimiza bila shida. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, watu watatu walitungojea penye kona ya njia yetu. Wa kwanza alikuwa katekista wetu mzee. Wa pili alikuwa msichana wa shule, mtoto wa jirani. Wa tatu alikuwa mama mmoja mjane, muuza lenga-lenga sokoni, ambaye ugonjwa wa sukari ulikuwa umemletea kidonda mguuni. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipaswa kufika kwenye kituo cha afya ili kidonda kisafishwe na kufungwa upya. Kwa kuwa mguu ule haukukunjika vizuri, tulimpa kiti cha mbele, cha kushoto. Sisi wawili tuligawana: mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma pamoja na katekista na msichana.

Aliyewahi kuendesha gari la namna hii anajua taabu yake. Katika nchi yetu tunapita upande wa kulia wa barabara. Dereva mwenye usukani wa kulia anakaa basi karibu na mtaro, mbali na katikati ya njia. Akiwa nyuma ya lori, haoni kinachokuja mbele. Lazima atoe nusu ya gari kwanza ndipo aone, na pengine amechelewa. Aliyekaa kushoto ndiye anayeona. Mama yetu, ambaye hajawahi kushika usukani maishani, alijifunza kazi hiyo katika juma moja. Alikuwa akinyosha shingo, akitazama, na kusema: "Bado. Bado. Haya, pita." Tulimtania kwamba yeye ndiye dereva na sisi ni mikono yake tu.

Kisha bei ikaanza kupanda. Sababu zake wengi wetu tunazijua, lakini ni vyema tuzikumbuke pamoja, maana mtu asiyejua sababu huishia kumlaumu jirani yake. Nchi yetu inachimba mafuta ghafi kule Muanda, kando ya bahari ya Atlantiki, lakini mafuta hayo huuzwa nje, na sisi wa mashariki hatuyaoni. Upande wa Uganda wa Ziwa Albert, ziwa lililo jirani yetu kabisa, mafuta yaligunduliwa mwaka 2006. Hayo nayo hayajawahi kuingia katika gari letu. Petroli tunayoitumia inashuka melini katika bahari ya Hindi, inavuka Kenya na Uganda, inapita mpaka wetu, na kutufikia kwa barabara kama ile ya taifa namba 27 inayotoka Mahagi na kupita katika eneo la Djugu. Sisi tuko mwishoni mwa njia ndefu, na kila anayekwazwa njiani hutukwaza nasi.

Januari 2022 madereva wa malori waligoma huko Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa sababu ya malipo ya kipimo cha Kovidi, na petroli ikaadimika Uganda nzima. Februari mwaka ule ule Urusi iliivamia Ukraine, na bei ikapanda ulimwenguni kote. Juu ya hayo, barabara zetu zina mashimo, zina vizuizi, na zina watu wenye silaha wanaoua na kutoza. Mfanyabiashara anayefikisha lori salama hupandisha bei kwa hofu aliyoipitia. Tena petroli hununuliwa kwa dola, nasi tunalipwa kwa faranga. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu faranga 2,000. Katikati ya 2024 ilikuwa imekaribia 2,800. Mshahara ulibaki na jina lake, lakini ulikuwa umepungua mwili.

Nyumbani kwetu jambo hili lilikuwa na sura ya bidoni moja. Kabla ya hapo tulikuwa tukiweka lita 10 kwa juma. Fedha zile zile zikawa zinanunua lita 6. Siku ambazo vituo vya mafuta vilikuwa vitupu tulinunua kando ya njia, kwa vijana tunaowaita Kadhafi, chupa kwa chupa, kwa bei ya siku hiyo na saa hiyo. Ada za shule za watoto wetu zilikuwa zinangoja. Deni la gari lilikuwa bado. Usiku mmoja tulichukua daftari, tukapiga hesabu ya kila kilometa.

Tunakiri kwamba hesabu ile ilikuwa sahihi. Tuliandika: kazini na kurudi, kilometa kadhaa. Kumngoja katekista, dakika tano, injini ikiwaka. Kumpeleka mama kwenye kituo cha afya, kilometa 2 za kuacha njia, mara tatu kwa juma. Tukagawanya na kujumlisha. Jumla ya mama haikufika lita 1 kwa juma. Hata hivyo tulipoiona imeandikwa, ilionekana kubwa. Ndivyo tulivyomwandika jirani yetu kwa lita, na tangu usiku ule hatukuweza tena kumtazama bila kuiona ile tarakimu.

Hatukumwambia neno. Hilo ndilo kosa lenyewe. Tungalimwambia kwamba tumeelemewa, angalitusikiliza. Amelea watoto watano kwa mafungu ya lenga-lenga, na anajua hesabu kuliko sisi. Lakini kusema kungalitulazimu kukana maneno tuliyoyasema mbele ya kanisa. Badala yake tulianza kuamka mapema. Tulitoka saa kumi na moja na nusu, kabla watu hawajafika penye kona, tena tulipita njia ya chini ambayo haigusi kona ile. Tulijiambia kwamba ni kwa ajili ya kukwepa msongamano. Hata watoto wetu hawakusadiki, lakini walinyamaza, kama watoto wanavyonyamaza wanapoona wazazi wamejificha.

Juma la tatu la mwendo huo, mmoja wetu alikuwa zamu ya usiku, na mwingine alikuwa peke yake garini alfajiri. Mbele yake lori lilikuwa linakwenda polepole likitifua vumbi. Alitoa gari kidogo ili aone. Pikipiki yenye watu wawili ilikuwa imeshafika. Mwendesha pikipiki alijitupa ukingoni, akaanguka. Kwa neema ya Mungu waliinuka wote wawili, wakiwa na michubuko. Tuliwalipia dawa na kioo cha taa. Jioni, tulipokuwa tukisimuliana, sote wawili tulitazama daftari mezani, na hakuna aliyesema kuhusu kiti cha kushoto. Tulilijua jambo, lakini hatukutaka kulijua.

Baada ya hapo ukafika mkutano wa shirika. Kiongozi wetu alitangaza kwamba mama yule amelazwa hospitalini. Kidonda kilikuwa kimeoza. Alikuwa amejaribu kwenda kwa miguu, akaenda mara moja kwa juma badala ya tatu. Alipopata nauli ya pikipiki alikwenda, alipokosa alibaki. Madaktari walikuwa wamemkata vidole viwili, na walikuwa wakiangalia kama mguu utapona. Shirika lilichanga. Sisi tulitoa fungu kubwa kuliko wote, na kiongozi alitushukuru kwa majina. Tulirudi nyumbani kimya. Fungu tulilolitoa lingalinunua petroli ya kumpeleka kwenye kituo cha afya kwa miezi mingi.

Tulikwenda kumwona kesho yake. Tulikuwa tumetayarisha maneno ya kujitetea, yote yakihusu bei. Alitukaribisha kwa furaha, akawatuma wajukuu watafute viti. Kisha akauliza kwa sauti ya huruma: "Wanangu, gari limepona? Nilipoona hamji tena nilijua limeharibika. Nimeliombea katika Rozari kila usiku, maana najua linavyowasaidia."

Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alitoka nje. Aliyebaki alimweleza yote: daftari, kilometa 2, njia ya chini. Mama alisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya muda mrefu. Hakusema kwamba si kitu. Alisema: "Mngeniambia. Ningekuja na fungu la mboga kila siku. Si bei ya petroli, lakini ningekuwa nimetoa." Ndipo tulipotambua kwamba tulikuwa tumemnyima vitu viwili: nafasi ya kupokea, na heshima ya kutoa.

Juma lile tuliisoma upya Injili ya Msamaria mwema katika Luka, sura ya 10. Tumeisikia tangu utoto, nasi tulidhani tumeimaliza. Safari hii tuliona mambo ya njiani. Msamaria alikuwa na mnyama wa kupanda. Akampandisha yule aliyejeruhiwa juu ya mnyama huyo. Maana yake, pengine, ni kwamba yeye mwenyewe alishuka na kwenda kwa miguu. Safari yake ilichelewa. Mafuta yake na divai yake vilipungua. Alilipa dinari mbili, na akaacha deni wazi kwa ajili ya siku zilizosalia. Injili haifichi gharama. Inaitaja kwa tarakimu. Na wale wawili waliopita kando, kuhani na Mlawi, Injili haituambii kwamba walikuwa wakatili. Labda walikuwa na ratiba. Labda walikuwa na daftari. Walichofanya ni kupita upande mwingine wa njia, kama sisi tulivyopita njia ya chini. Katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, Baba Mtakatifu Fransisko aliuweka mfano huo katikati ya mafundisho yake juu ya udugu. Na miaka mitano kabla, katika Laudato Si', namba 211, alipohesabu matendo madogo ya kila siku yanayotunza uumbaji, alitaja kutumia gari moja watu wengi kwa pamoja. Tulishangaa kuona kwamba kiti kitupu cha gari kimepata nafasi katika barua ya Papa.

Sasa tunaweza kuandika yale tuliyoombwa. Tulilipeleka jambo letu kwenye shirika, na daftari pia. Tuliomba msamaha, kisha tukaomba shauri. Hivi ndivyo tunavyokwenda leo.

Kwanza, gari linatembea siku tatu tu kwa juma, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku za kidonda. Siku nyingine tunakwenda kwa miguu, au kwa pikipiki mvua inaponyesha. Pili, hesabu ya petroli iko wazi. Wenye mshahara wanachangia bidoni kila mwisho wa mwezi. Asiye na mshahara anatoa anachoweza. Mgonjwa hatozwi kitu, ila akitoa anapokelewa kwa shukrani. Daftari haliko kwetu tena. Analishika katekista, na kila mmoja anaweza kulisoma. Tatu, tunajaribu kutopoteza kilicho kidogo: tunapima upepo wa matairi, kwa sababu tairi laini hula petroli, tunazima injini tunapongoja, tunasafisha chujio la hewa, ambalo vumbi la Bunia hulijaza haraka, tunaunganisha soko, shule na kituo cha afya katika safari moja. Nne, tunapoweza kununua kituoni hatununui chupa ya kando ya njia, maana mara mbili tulipata petroli iliyochanganyika na maji, na fundi alitugharimu kuliko tulichokuwa tumeokoa. Hatuwalaumu vijana wale. Nao wanatafuta chakula, na pengine waliuziwa hivyo hivyo.

Si kwamba mambo yote ni laini. Kuna aliyekaa miezi miwili bila kuchanga ingawa alikuwa na mshahara, na maneno makali yalitamkwa garini. Kuna siku mafuta yalikosekana kabisa katika mji, na mpango wetu wote ukalala uani pamoja na gari. Siku hizo tulimtafutia mama pikipiki kwa fedha za bidoni, na sisi wengine tulitembea pamoja. Katika kutembea tuliona mengi ambayo kioo kilikuwa kikituficha. Wengi wa mji huu hawajawahi kuwa na shida ya petroli, kwa sababu hawajawahi kuwa na gari. Tuliwakuta njiani akina mama waliokimbia vita, wanaoishi katika kambi ya Kigonze, wakiwa na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Kilio chetu cha bei ni cha kweli, lakini si kilio cha kwanza.

Wala tusidanganyike kwamba wema wa viti vinne unatosha. Bei ya petroli Bunia ni jambo la haki pia. Inahusu barabara ambazo hazitengenezwi, vizuizi ambapo maskini hunyang'anywa, fedha yetu iliyopoteza nguvu, na amani ambayo tumeingoja tangu zamani. Hata hali ya kuzingirwa iliyotangazwa Mei 2021 haijatuletea bado amani tuliyoitamani. Walei tunapaswa kuyasema haya kwa wenye mamlaka, kwa adabu na bila woga. Lakini tusingoje barabara ya Mahagi ipone ndipo tumfungulie jirani mlango. Mambo hayo mawili hayashindani.

Mguu wa mama ulipona, ukiwa na vidole vitatu. Alitusamehe, nasi tulikwenda kwenye kitubio. Asubuhi ya kwanza aliporudi garini alikuwa na fungu la lenga-lenga limefungwa kwa jani la mgomba. Aliliweka mbele ya kioo, akavuta mguu wake taratibu, akafunga mlango. Penye lori la kwanza hatukuthubutu kutoka. Tulingoja. Alinyosha shingo kama zamani, akatazama njia, akasema: "Bado."

Tunawaachia ninyi, ndugu wa chama, maswali mawili ya kuzungumza katika mashirika yenu. Je, ni nani tumemwandika katika daftari, hata kama hatuna gari? Na je, tumempa nafasi ya kusikia shida yetu kabla ya kumpita?

Ee Bwana Yesu, uliyetembea kwa miguu katika njia zenye vumbi, utupe moyo wa kusema wazi tunapoelemewa, na macho ya kumwona anayengoja penye kona. Amina.